Ng'ombe wa Gulwe Alikuwa Kushoto

Hamtaamini. Najua hamtaamini, maana hata mimi niliyekuwepo, na video ninayo humu kwenye simu, bado nikiamka asubuhi naiangalia tena nijihakikishie. Watu elfu nne na mia mbili waliitazama kazi ya kaka yangu mtandaoni, wakaweka mioyo, wakaandika "moto", "fundi wa dunia", "Moro tuko juu". Hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Akaja mzee asiyeona kabisa, akalikuta lile kosa kabla chai yake haijapoa. Na kosa lenyewe lilikuwa langu mimi.

Tulieni nianze mwanzo.

Naitwa Mwanvita, nakaa Mafiga, hapa Morogoro, na kaka yangu Salum. Salum ni fundi simu. Ana kibanda chake nje ya nyumba yetu, meza moja, taa moja, na vibano vyembamba vya kushikia vitu ambavyo mimi na wewe hatuvioni. Hana maneno mengi. Maneno yote ya ukoo wetu nilipewa mimi. Lakini mikono! Yaani ukimpa kopo tupu la maziwa asubuhi, jioni limeshakuwa kitu.

Sasa kwa mwaka mmoja na miezi miwili, kila akimaliza simu za watu, alikuwa anageukia kichwa cha treni. Sio hiki cha umeme cha siku hizi. Kile cha dizeli cha reli ya zamani, chenye pua ndefu, ambacho kimoja wamekiegesha huko karibu na stesheni, nyasi zimeota mpaka kwenye ngazi. Kila mita moja ya treni yenyewe, Salum kaifanya sentimita tano. Mwili ni mabati ya debe la mafuta ya kula. Wavu wa kupoozea injini ni chujio la chai, tena chujio langu, nililitafuta wiki nzima. Mipira ya breki ni waya za hedifoni zilizokufa. Taa za mbele ni zile taa ndogo za simu mbovu, na zinawaka. Ukikinyanyua ni kama umembeba mtoto mchanga, unajikuta unakiwekea mkono chini.

Na hakuwa anacheza. Kuna chuo kimoja cha ufundi cha Dar kilitangaza nafasi moja, moja tu, ya mwaka mzima kwenye karakana yao inayotengeneza mitambo midogo ya kufundishia. Vyeti hawataki. Wanataka waone kazi ya mikono yako, na uwe hujafikisha miaka ishirini na saba. Salum alishaomba mara mbili, mara zote akaambiwa ajaribu mwakani. Mwezi wa tisa anatimiza ishirini na saba. Kwa hiyo mwakani ndo hakuna tena. Hii ilikuwa ndo hiyo.

Jumatatu mchana ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yake. Mwalimu Doreen, yule wa chuo, ndo anayechagua. Nikaufungua mimi, Salum ameshika vibano.

"Salum, hongera, umeingia kwenye watu sita. Jumamosi nakuja Morogoro kwenye maonyesho, nitakagua mwenyewe saa nne asubuhi. Ila nikwambie ukweli. Kichwa chako kinapendeza mno. Kinapendeza kama kimetoka dukani leo. Treni iliyofanya kazi miaka thelathini haiwi hivyo. Kitafutie maisha yake."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga vigelegele, nikavimeza.

"Maisha yake nikayatoe wapi?" Salum akasema.

"Si kwa aliyeishi nayo," nikamwambia. "Twende kwa Babu Ignas."

Babu Ignas yuko nyumba ya nne kutoka kwetu. Ni Mnyamwezi wa Urambo, ameendesha treni miaka thelathini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa juu ya kichwa hichohicho. Presha ya macho ilimchukulia macho yote mawili, mwaka wa sita huu. Anakaa na binti yake Veronika, mwalimu wa shule ya msingi. Sisi ni Waluguru wa Matombo. Mnyamwezi na Mluguru mnajua wenyewe, ni watani. Kwa hiyo pale mlangoni kwake huingii salama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Subiri, msiniambie ni nani. Nasikia hatua moja ndefu, moja fupi. Hao ni Waluguru."

"Ndo sisi babu."

"Poleni sana. Mtu ukikulia mteremkoni, mguu mmoja lazima uwe mfupi."

"Bora sisi tuna mlima," nikamjibu. "Nyie mlikuja huku na mizigo kichwani, mkaiona treni, mkasema afadhali hii itubebee."

Alicheka mpaka kikombe kikagonga sahani. "Veronika! Waletee chai hawa watumwa wangu kabla hawajaiba vijiko."

Salum akamwelezea tulichofuata, kisha akamwekea kichwa cha treni kwenye kigoda mbele yake. Mzee akajifuta mikono kwenye shati, kwanza viganja, halafu kidole kimojakimoja. Vidole vikaanza kutembea. Taratibu. Vikapanda pua, vikashuka ubavuni, vikaingia dirishani kwa dereva vikatoka.

"Heee," akasema. "Mmeniletea bibi harusi. Laini kama shavu. Hivi huyu hajawahi kuumia popote?"

"Ameumia babu, mguse hapo mbele," Salum akasema, kifua kimemtoka. Lile bonde la pale mbele alilipiga kwa nyundo ndogo siku tatu.

Vidole vikafika kwenye bonde. Vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena.

"Pua ni huku?"

"Ndiyo babu."

"Na mimi nikikaa kwenye kiti changu naangalia mbele, huu ni mkono wangu wa kulia?"

"Ndiyo."

"Veronika, shika kikombe changu." Akageuza uso kuelekea kwetu, yale macho yake yametulia tu. "Nani kawaambia kwamba ng'ombe wa Gulwe alikuwa kulia?"

Tukatazamana.

"Ng'ombe yule nilimgonga mimi, huko Gulwe. Alitokea kushoto, akasimama relini, ananiangalia kama vile mimi ndo nimeingia zizini kwake. Nikapiga honi, nikashika breki, nikamwaga mchanga, wapi! Pembe ikapiga hapa, kushoto. Mwenyewe akaja mbio na fimbo, analia kwamba ng'ombe wake alikuwa na mimba ya mapacha. Nikashuka nikamwinamia yule ng'ombe vizuri. Nikamwambia, mzee mwenzangu, mbona huyu ni dume?"

Veronika alikuwa anacheka, nadhani ameisikia mara mia. Sisi hatukuweza.

"Na kiraka cha mlango wa injini, walikipiga Tabora mimi nimesimama palepale. Kushoto. Hapa kiko kulia. Sanduku la vifaa, kulia. Hapa liko kushoto. Huyu siye. Huyu mmemvalisha nguo nje ndani."

Jamani. Hapo ndo nikakumbuka picha.

Ngoja niwaambie. Picha zote ambazo Salum alifanyia kazi nilipiga mimi. Mia mbili na kumi na mbili. Yeye alifika pale mara moja tu, mvua inanyesha, akaondoka. Mimi ndo nilikuwa narudi. Sasa mimi, wanaonijua wanajua, picha bila sura yangu sipigi. Nilikuwa nasimama mbele ya kile kichwa, nanyoosha mkono, kamera ya mbele, tabasamu. Na simu yangu ile, ukipiga kwa kamera ya mbele inatunza picha kama ulivyojiona kwenye kioo. Kulia inakuwa kushoto. Namba ya treni ingetuumbua, maana ingesomeka kinyume. Lakini namba, kwenye kila picha, imezibwa na kichwa changu. Kila picha! Hata siku moja Salum aliniambia, "Dada, sogea basi nione namba," nikamjibu, "Namba si unaijua, tazama bonde."

Nikampa Salum simu. Akaangalia picha tatu, nne, akanirudishia. Afadhali angenitukana.

"Kimya cha nini?" Babu Ignas akauliza. "Nani kafa? Leo Jumatatu. Mimi nimetengeneza injini Kidete, mvua inanyesha, tochi moja, na abiria mia tano wananitukana kwa lugha zao zote. Nendeni mkalete koleo."

Basi. Siku nne zile, kibanda cha Salum kilihamia barazani kwa Babu Ignas. Wenye simu zao walikuja kuulizia pale, wakakuta foleni ya watoto wa mtaa wanachungulia, nao wakasahau walichofuata. Salum alibandua mabati ya pande zote mbili. Akakata mengine kwenye debe jipya. Bonde akalipiga upya, kushoto, na safari hii Mzee alikuwa ameweka kidole chake kwa ndani: "Piga. Piga tena. Acha. Hilo ni la mbuzi. Ongeza, huyu alikuwa dume la Kigogo."

Mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa, kukoroga gundi na kupiga kelele. Nilikuwa na deni la kulipa, kwa hiyo nilishika taa bila kusinzia.

Na hapo ndo nikajua kwamba tulikuwa tumetengeneza treni ya kupigia picha. Babu rangi haimhusu. Kutu niliyoipaka kwa brashi, kahawia nzuri kabisa, alipita juu yake kama hakuna kitu.

"Kutu iko wapi?"

"Hiyo hapo babu, umeishika."

"Nimeshika rangi. Kutu inakwaruza."

Salum akasaga stilwaya ya kuoshea masufuria, akailoweka kwenye siki mpaka ikaota kutu yenyewe, akainyunyiza juu ya gundi. Mzee akagusa. "Eeh. Hiyo imenyeshewa."

Vyuma vya kushikia wakati wa kupanda, Salum alivitengeneza kwa nyaya za gitaa. Mzee akavikataa. Vikali mno. "Hapa umepita mkono wangu, na wa dereva mwenzangu Bartholomeo, na wa kila msaidizi niliyefanya naye kazi. Chuma kilikuwa kama pipi iliyomung'unywa." Salum akavisugua kwa dawa ya meno na kitambaa, saa nzima, mpaka vikateleza. Ngazi ya pili ikatakiwa iwe imelika katikati, kwa sababu ile ya kwanza watu huiruka. Tukatumia tupa yangu ya kucha. Misumari ya bati, vile vichwa vyake vidogo vya duara, Salum aliiweka kwa tone la gundi kwenye ncha ya kijiti cha meno, mmoja mmoja. Mzee akapitisha ukucha: "Ishirini na moja. Hapa walikuwa ishirini na mbili. Mmoja mmemla."

Halafu mabomba ya mchanga. Mimi sikujua kwamba treni inabeba mchanga! Mlima ukiwa mkali, reli imelowa, magurudumu yanateleza, dereva anamwaga mchanga mbele ya gurudumu lipate kushika. Salum kwenye picha aliona kijibomba tu, akakibandika popote. Mzee akakinyofoa kabisa. "Huu ulikuwa uhai wangu, halafu wewe umeuning'iniza kama hereni." Tukakata mirija ya kalamu za biki, tukaipinda kwenye mvuke wa chai, ikaenda mpaka karibu kabisa na gurudumu, karibu kugusa reli, isiguse.

Alhamisi Mzee alikiinua kichwa cha treni mpaka puani akanusa. Akakunja uso.

"Kinanuka nini hiki?"

Nikacheka kwa aibu. Zile taa nyekundu za nyuma nilizipaka rangi yangu ya kucha.

Salum akatoka bila kusema, akarudi na kizibo chenye dizeli kidogo kutoka kwa jirani mwenye mashine ya kusaga. Akachovya pamba, akapitisha ndani, chini ya injini, na masizi ya sufuria kidogo kwenye bomba la moshi. Akampa tena.

Mzee akanusa. Akakaa hivyohivyo, pua iko pale. Veronika akachungulia kutoka ndani.

"Baba? Uko sawa?"

"Niache," akasema. "Niko Kilosa. Ndo wanapakia ndizi."

Hata mimi sikupiga picha.

Ijumaa saa kumi jioni kazi ikaisha. Mzee akapita mwili mzima, kutoka pua mpaka mkia, hakusema kitu. Akarudia. Hakusema kitu. Kwa Babu Ignas, kutosema kitu ni cheti. Salum akapumua kama mtu aliyetua gunia, akanyoosha mikono achukue kichwa chake.

"Kinakwenda wapi?" Mzee akauliza.

"Nyumbani babu. Kesho ndo maonyesho."

"Nani kakwambia ni chako? Mali ya Mluguru ikiingia nyumba ya Mnyamwezi, imefika. Nimekiteka."

Akakikumbatia, akanyanyuka, akaingia ndani akifuata ukuta kwa bega, mlango ukafungwa. Tukacheka sana. Tukasubiri. Tukaacha kucheka.

Mtani akiteka kitu chako humkasirikii. Ukikasirika umeshindwa, na mtaa mzima utakuimba. Unakikomboa. Nikakimbia nyumbani nikaleta jogoo. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Veronika ukampokea jogoo, sauti ya Mzee ikatoka ndani: "Mzuri, tutamla Jumapili. Bado!" Nikaleta mkungu wa ndizi alioutuma bibi kutoka Matombo. "Ndizi ni salamu, siyo fidia. Bado!" Salum akasimama pale dirishani, akasema, "Babu, tafadhali, kesho saa nne." Dirisha likafungwa. Tukarudi nyumbani. Salum hakula. Aliketi mbele ya meza yake tupu, anapanga vibano vyake kwa urefu.

Mimi nikawaza, utani si una pande mbili? Na mimi naweza kuiba.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kumekucha vizuri, Uluguru yote iko wazi haina wingu, nikanyata mpaka kwao. Veronika alikuwa anafagia uwanja. Akaniona. Akanigeuzia mgongo akaendelea kufagia, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mlango haukufungwa. Nikaingia kwa vidole vya miguu.

Babu Ignas alikuwa ameketi kwenye kochi. Amevaa koti lake la kazi la zamani, vifungo vyote. Viatu vimepigwa kiwi. Kichwa cha treni kiko mapajani.

"Mwanvita," akasema. "Umechelewa. Nilikutegemea tangu saa kumi na moja."

"Babu, jamani, tupe basi. Sema unachotaka, chochote, tukuletee."

"Kuku mmeleta. Ndizi mmeleta." Akakipapasa kile kichwa mgongoni. "Siku nne mmevifanyisha kazi vidole vyangu. Kuna hata mmoja wenu aliyesema, babu, kesho twende wote?"

Mimi mwenye maneno yote ya ukoo, nikaificha simu nyuma ya mgongo. Maana ni kweli. Nilishawaza nguo nitakayovaa, nilishawaza nani atatupiga picha, na kuhusu yeye, kama niliwaza, basi niliwaza hivi: asiyeona aende kwenye maonyesho akaone nini.

"Najua ulichowaza," akasema. "Ndo maana nimekiteka. Mtani haombi mwaliko, anateka."

Nikapiga magoti. "Babu, twende. Twende wote, nakuomba."

"Salum aje aniambie mwenyewe."

Nikapiga simu nusu sekunde. Salum alifika anakimbia, kandambili moja, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Bhabhu, chwenje!"

"Tema dawa kwanza," Mzee akasema, "halafu ualike watu wazima."

Akatema. Akasema tena, "Babu, twende." Mzee akanyoosha mkono, Salum akamshika. Tukakimbia kuvaa, tukaita bajaji.

Uwanjani kulijaa. Watu sita waliochaguliwa kila mmoja na meza yake, kitambaa cheupe, karatasi imeandikwa USIGUSE. Kulikuwa na daraja dogo zuri la njiti, kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga inayozunguka kweli. Kijana mmoja mwenye fulana ya usimamizi, Abdulatif, akaja anaharakisha.

"Kazi iwekwe juu ya meza, tafadhali. Jaji anafika."

"Iko mezani," Babu Ignas akasema. Ameketi kwenye kiti, kichwa cha treni mapajani. "Mimi ndo meza."

Abdulatif akamwangalia Salum. Salum akaangalia viatu vyake. Mimi nikawasha kamera, ya nyuma.

Mwalimu Doreen ni mama mrefu, miwani, kalamu nyuma ya sikio. Akasalimia, akainama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaandika. Hakucheka wala hakununa. Nikaona anajiandaa kusogea meza ya pili.

"Mama," Babu Ignas akasema, "unakagua kwa kutumia nini?"

"Kwa macho, babu."

"Na mimi nilikuwa nayo. Fumba."

Watu wakacheka. Mwalimu Doreen akaangalia ile karatasi ya USIGUSE, akamwangalia mzee. Akavua miwani. Akafumba.

Mzee akamshika kidole. "Unapanda kazini. Shika hapa."

"Kinateleza," Mwalimu akasema.

"Umekuta mikono ya wenzako. Sasa ngazi. Ya kwanza iruke. Ya pili?"

"Imelika katikati."

"Ndo wewe umeila, miaka kumi na tisa. Njoo mbele. Hiki nini?"

"Bomba... linakwenda kwenye gurudumu."

"Mchanga. Bila huo hatupandi. Na hapa?"

Kidole chake kikaingia kwenye bonde. "Hapa uligonga kitu!"

"Ng'ombe wa Gulwe. Mwenyewe kasema ng'ombe wake ana mimba ya mapacha. Pole yake, alikuwa dume."

Mwalimu Doreen akacheka macho yamefumbwa, kicheko cha kutoka tumboni. Kufikia hapo watu wameacha daraja, wameacha mashine ya mpunga, wamejipanga mstari nyuma yake, na wengine wameshafumba macho kabla hawajafika. Hata Abdulatif alikuwa kwenye mstari. Yeye Mwalimu alisimama pale muda mrefu kuliko alivyohitaji. Mwishoni akainama, akanusa.

Saa nane akatangaza. Salum.

Siwezi kuwaandikia nilivyopiga kelele. Nisikilizeni kwenye video. Babu Ignas alikuwa ananipita kwa sauti, anaimba Kinyamwezi, anapiga kisigino chini, na Salum, yule Salum asiye na maneno, alikuwa analia na kucheka, anampangusa Mzee machozi badala ya kujipangusa mwenyewe.

Sasa sikilizeni.

Mwalimu Doreen akatoa karatasi ya kusaini. Kuna sharti: kazi iliyoshinda inakuwa ya chuo. Inakaa kwenye kabati la vioo pale mlangoni, inafungwa kwa ufunguo, haishikwi tena na mtu yeyote. Salum akasoma. Akasoma tena.

"Mwalimu, kwenye kabati hapana."

Nikamkanyaga mguu. Kwa nguvu.

"Huyu ni wa kushikwa," akaendelea. "Akifungiwa, babu hatamwona tena."

"Salum," Mwalimu akasema taratibu, "sharti sikuliweka mimi. Bila kazi kabatini hakuna nafasi. Nikimpigia aliyekuwa wa pili, atapokea kabla simu haijaita."

"We Mluguru, acha ujinga!" Babu Ignas akafoka. "Mmeshakikomboa. Chukua, mpe mama kazi yake!" Na akakinyanyua, akakisukuma mbele, mikono miwili imenyooka.

Salum hakukipokea.

"Nipe wiki tatu, Mwalimu. Nitaleta kingine. Hichohicho, kila kitu. Nisipoleta, mpe huyo wa pili."

"Hiki kilikuchukua muda gani?"

"Mwaka mmoja na miezi miwili."

Mwalimu Doreen akamwangalia. Akamwangalia Mzee, ambaye bado mikono iko hewani. Akachukua kalamu nyuma ya sikio, akaandika kwenye ile karatasi: wiki tatu.

Nawaandikia nikiwa barazani kwa Babu Ignas, zimebaki siku tisa. Kichwa cha pili kina mwili, hakina paa, magurudumu bado manne. Kile cha kwanza kiko mapajani kwa Mzee, anakipapasa huku anampigia Salum kelele kwamba Mluguru hata ukimpa wiki mia atazitumia kupanda mlima. Salum anacheka, hanyanyui kichwa. Wenye simu mbovu wa Mafiga wamegeuka kuwa mafundi wetu: mmoja anakata mirija ya kalamu, mwingine anasugua nyaya kwa dawa ya meno, Veronika anahesabu misumari na watoto wa darasa lake. Kama tutawahi, sijui. Wallahi sijui.

Mimi ningesaini palepale, nisiwafiche, na wala nisingesoma sharti mpaka mwisho. Lakini wewe unayesoma hapa, nafasi ni ya mwisho ya maisha yako, karatasi iko mbele yako, na mzee asiyeona amekunyooshea mikono yote miwili anakwambia chukua. Ungefanyaje?